Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Ndege haina rivasi. Watu wengi hawalijui hilo, na rubani alikuwa amechoka kulieleza. Ukiiegesha pua ikaelekea ua, itabidi ushuke, utoe fimbo ya chuma kwenye sanduku la mbele, uibane kwenye gurudumu la mbele, kisha uivute ndege kwa mikono yako kama unavuta ng'ombe mkaidi, mpaka igeuke. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo asubuhi ile, shati limemganda mgongoni, kwenye kiwanja kidogo cha changarawe kisicho na mnara wala ofisi, ila kibanda cha mlinzi na soksi ya upepo iliyochanika.

Alikuwa mtu mwangalifu. Mafundi walimwita Taratibu, wala hawakumwita hivyo kwa kumsifu; walikuwa wamechoka kumngoja. Kabla hata hajaishika ile fimbo alikuwa amekwisha kuizunguka ndege nzima, akapapasa mabawa, akapima mafuta na oili, akayapiga matairi teke moja moja. Kila kitu kilikuwa sawa. Ilibaki kuigeuza ndege, kuichomoa fimbo, kuirudisha sandukuni na kumngoja abiria.

Abiria hakungojwa. Alifika mapema, kwa sababu abiria mwenyewe alikuwa mama mkwe wa rubani, na huyo hakuwahi kuchelewa popote tangu azaliwe. Pikapu ilisimama karibu na kibanda, akashuka yeye, akashuka na kaka yake aliyemsindikiza, kisha ukashushwa mfuko, kikapu na chupa ya chai. Akasimama hapo, juani, mtandio kichwani, anangoja.

Sasa hapa pana jambo la kueleza. Huyu mama alikuwa mwenyekiti wa soko. Wachuuzi walimwogopa, madereva wa malori walimwogopa, na bwana afya wa mji ule alikuwa akipita njia ya nyuma ili asikutane naye. Ulimi wake haukuwa na mlango. Lakini mbele ya mkwe wake alikuwa maji ya mtungini. Alimheshimu mno, naye rubani alimheshimu mno, na kwa heshima hiyo tangu siku ya posa hawakuwahi kuzungumza sentensi mbili mfululizo. Kila neno lilipita kwa binti. "Mwambie mwenzio chai inapoa," mama angesema, na mwenzio ameketi palepale, goti linakaribia kugusa meza. Naye angejibu, "Mwambie mama nakunywa sasa hivi." Mke wake alikuwa akishika kiuno. "Jamani, mimi ni mke wa mtu au ni posta?"

Posta hiyo sasa ilikuwa imelazwa hospitali, mjini, imezalishwa kwa kisu. Mtoto wao wa kwanza alikuwa ametoka kabla ya siku zake, kidogo, mwekundu, hajui hata kunyonya. Kwenye simu mke hakusema mengi. Alisema, "Namtaka mama," akakata. Barabara ilikuwa imekatika, daraja limekwenda na maji. Bosi, mwenye ile ndege ya injini mbili, hakubembelezwa. "Nenda kamlete mama wa watu," alisema. "Unangoja nini?"

Kwa hiyo rubani alipomwona mama mkwe amesimama juani, ndege ndiyo kwanza imegeuka, mikono yake iliiachia fimbo yenyewe. Mkwe hasimamishwi juani. Alijifuta viganja kwenye suruali, akakimbia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Yakaishia hapo kwa mama. Lakini mjomba, yule kaka yake, naye alitaka haki yake ya salamu, na mjomba hasalimiwi kwa mkato. Habari za safari, za kazi, za mgonjwa, za mtoto, za huko mjini, za bosi, za mvua. Rubani alijibu zote, mfuko begani, kikapu mkononi, chupa ya chai kwapani. Akawatangulia hadi ndegeni. Walipopita mbele ya pua, mama alisimama kidogo. Alitazama chini, akafungua mdomo, akaufunga, akaweka sawa mtandio wake. Rubani akadhani ni woga wa ndege, akamhurumia.

"Mama atakaa mbele, kuna hewa nzuri," alisema, akimwangalia mjomba.

"Mwambie mkwe wako," mama alimwambia kaka yake, "nitakaa nyuma."

Akachagua kiti cha mwisho kabisa, karibu na mkia. Alipokuwa akipanda, rubani aliipa ndege mgongo akatazama vilima, kwa maana haifai kumwangalia mkwe akipandisha mguu. Akamfunga mkanda huku ametazama pembeni, akamvisha hedifoni ili asikie, akamuaga mjomba kwa mikono miwili, akaingia, akafunga. Kiti chake kilikuwa nyuma ya pua ndefu ya ndege. Kutoka pale huwezi kuliona gurudumu la mbele, sembuse kilichobanwa kwenye gurudumu.

Injini zikawaka. Ndege ikatambaa kwenye changarawe, na kulikuwa na mkwaruzo mdogo chini, lakini changarawe nayo hukwaruza. Wakaruka.

Alipoupandisha mkono wa magurudumu ili yakunjwe tumboni, kitu kiligonga chini ya miguu yake. Mlio ulikuwa mzito, kama wa mlango unaofungwa na kuna ufagio kizingitini. Taa nyekundu iliyopaswa kuzimika haikuzimika.

Alingoja. Akaurudisha mkono chini. Magurudumu yanaposhuka na kujifunga barabara huwaka taa tatu za kijani, moja kwa kila gurudumu. Ikawaka ya kushoto. Ikawaka ya kulia. Ya mbele ikabaki gizani. Akaigonga kwa ukucha, akaichomoa, akaibadilishia balbu na ile ya jirani yake. Balbu ilikuwa nzima.

Angeweza kugeuka na kurudi kwenye changarawe, lakini pale hapakuwa na gari la zimamoto wala daktari, palikuwa na mlinzi na filimbi yake. Akaamua kuendelea hadi mjini, magurudumu yakiwa chini hivyohivyo, taratibu kama jina lake. Njia nzima alikuwa anajiuliza ni nini alichokiacha. Alikuwa ameikagua ndege. Aliikumbuka kila tairi.

Kulikuwa na njia moja ya kujaribu. Nyuma ya viti vya mbele, sakafuni, chini ya kifuniko, palikuwa na hendeli ya kuzungusha. Mfumo wa umeme ukigoma, unazungusha hendeli hiyo na magurudumu yanashuka kwa nguvu za mkono. Rubani akiwa peke yake ataifikia kwa shida, mkono umepinda mgongoni, huku ndege inayumba. Mtu aliyeketi kiti cha katikati ataifikia vizuri. Na mtu alikuwepo.

Katika maisha yake hakuwahi kumtuma mama mkwe hata kijiko.

"Mama," alisema kwenye kipaza sauti, "samahani sana. Kama haitakuwa usumbufu, na kama mama ataona inafaa, ningeomba, yaani, kuna kahendeli hapa..."

"Nije hapo?"

"Kama mama ataweza."

Alisikia mkanda ukifunguka, kisha kishindo, kisha pumzi yake karibu na sikio. Rubani naye akaufungua mkanda wake ili aweze kugeuka, akainua kifuniko, akamwonyesha. Mama akapiga magoti sakafuni na gauni lake la safari, bega lake likagusa kiti cha mkwe, jambo ambalo halijapata kutokea. Akaishika hendeli kwa mikono miwili, akazungusha kwa nguvu za mtu aliyebeba magunia ya viazi kabla hajapewa uenyekiti.

Ikazunguka mara chache. Ikakwama.

"Imegoma," alisema.

"Mama asukume zaidi kidogo."

Akasukuma mpaka akaguna. "Baba, imegoma. Si ngumu. Imegoma."

Taa ya tatu ilibaki vilevile. Mbele yao mji ulikuwa umeanza kuonekana, mapaa ya mabati na bomba refu la kiwanda. Mahali fulani kati ya mapaa hayo palikuwa na wodi, na katika wodi mwanamke mmoja akiangalia mlango. Rubani alijikuta anafikiri jambo ambalo hakulitaka: kwamba ndani ya ndege hii yumo mume wa mtu na mama wa mtu, na mtu huyo ni mmoja.

"Mnara," aliita, "nina tatizo la gurudumu la mbele. Taa haiwaki."

Mwongoza ndege wa siku ile alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya usingizi. Usingizi ulimtoka. "Nimekusikia. Mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na..." Akasita. Mama alikuwa anasikia kila neno. "Mimi na mama."

"Pita mbele ya mnara, chini kadiri utakavyoweza. Tukuangalie kwa darubini."

Akapita. Aliuona mnara ukija, vioo vyake, vichwa viwili ndani, kisha ukabaki nyuma.

"Mguu wa mbele umeshuka nusu," dada alisema hatimaye. "Umeinama. Na kuna kitu kirefu kinaning'inia kwenye gurudumu. Chuma. Fundi yuko hapa, anasema..." Sauti ikapungua, kisha ikarudi. "Fundi anauliza fimbo yako ya kuvutia iko wapi."

Hakuhitaji kufikiri. Aliviona viganja vyake vikijifuta kwenye suruali. Alimwona mama mkwe juani, akaziona salamu za mjomba, moja baada ya nyingine, na nyuma yake fimbo imebaki pale pale ilipobanwa, inangoja mtu aliyesema atarudi. Taratibu! Mtu wa kupima oili mara mbili! Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na kwa muda ilikuwa kubwa kuliko hofu.

"Iko hapo," alijibu. "Nimeisahau mimi."

Kisha, bila kugeuka, kwa sababu hakuweza kumtazama: "Mama, nisamehe. Kile chuma nilikiacha mimi. Nilikuwa naivuta ndege, ukafika, nikaona vibaya kukuacha juani, nikaja. Nikasahau kukitoa."

Injini zilinguruma. Halafu mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo sokoni isingeuza hata fungu la nyanya:

"Nilikiona."

"Nini?"

"Kile chuma. Nilikiona wakati tunapita. Nikajisemea, mbona ndege ina mkia mbele?"

Rubani aligeuka. Aligeuka kabisa, akamtazama mama mkwe wake usoni, macho kwa macho. "Ulikiona? Ukakiona, ukanyamaza?"

"Ningesemaje?"

"Ungesema! Ungesema, 'Wewe, hiki nini?' Maneno matatu tu, mama! Sisi tunakufa hapa!"

Alikuwa amempigia kelele mama mkwe. Wote wawili walilisikia hilo, na kwa nukta moja lilionekana kuwa janga kubwa kuliko lile la gurudumu. Kisha mwenyekiti wa soko akaamka.

"Usinipigie kelele!" alisema. "Ningesema nini mbele ya kaka yangu? Kwamba mkwe wangu hajui kazi yake? Mimi ambaye ndege naziona angani tu, nimfundishe rubani? Nikajua ndivyo zilivyo. Nikasema moyoni, nikifika nitamwambia binti yangu akuulize."

"Utamwambia akuulize... aniulize..."

"Ndiyo! Akuulize!"

Rubani alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kicheko. Si cha furaha. Kilimtoka kama kikohozi. Mama naye alitoa mguno uliokaribia kucheka, akashika mdomo, na machozi yakamtoka. Heshima kitu cha bure, watu husema. Ile yao ilikuwa imefika bei ya watu wawili.

"Basi," rubani alisema alipopata sauti. "Sikiliza, mama. Hakuna wa kutupelekea maneno huku. Nitakuambia la kufanya, utafanya. Na wewe ukiona kitu, sema. Hata kama ni upuuzi. Hata kama ni nzi."

"Nitasema. Kuuliza si ujinga."

"Sasa tuko pamoja."

Walizunguka juu ya mji ili kupunguza mafuta. Huko chini magari ya zimamoto yalitoka moja baada ya jingine yakajipanga. Rubani alieleza, na safari hii hakutafuta njia ya kuzungukia. Magurudumu mawili ya nyuma yalikuwa mazima. Wangetua kwa hayo. Pua angeishikilia juu kadiri ndege itakavyokubali, injini amezizima, mpaka mwendo upungue. Kisha pua itashuka, kwa sababu lazima ishuke, na mguu ule ulioinama utavunjika, na watakwaruza lami. Ile fimbo ingeweza kuchimba chini na kuwapindua. Hilo nalo alilisema.

"Nataka uzito nyuma. Rudi kiti cha mwisho. Mfuko wako na kikapu uviweke nyuma yako."

"Na chai?"

"Na chai."

"Halafu?"

"Ujifunge mkanda mpaka ukubane. Tukikaribia chini, fungua mlango wa nyuma uache wazi kidogo, uweke kiatu. Mlango ukipinda umefungwa, hatutoki. Inama, shika kichwa. Tukisimama, unatoka. Hunisubiri."

"Nikuache?"

"Mama, unatoka. Binti yako anakungoja."

"Anatungoja," mama alisema, akarudi nyuma akishika viti.

Dada wa mnara aliwapa ruhusa kwa sauti iliyotulia mno. Rubani akaielekeza ndege kwenye njia ya kutua. Lami ilikuja, nyeusi, ndefu, na kandokando yake watu wadogo wenye kofia za manjano. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi na akili yake iko kwenye mikono. Mafuta. Mwendo. Swichi ipi kwanza, ipi baadaye. Alizirudia kwa midomo. Hakuwahi kuwa makini kiasi kile maishani mwake, na ndiyo maana hakukiona kilichokosekana juu ya mapaja yake mwenyewe. Mtu akikazia macho jambo moja, mengine humpita.

Nyuma, mama alifungua mlango. Upepo uliingia ukavuma, mtandio ukamtoka kichwani ukaenda zake. Akachomeka kiatu. Aliambiwa ainame, na alikuwa anainama, alipoinua macho mara ya mwisho kumtazama mkwe wake, kisogo chake, shingo yake iliyokakamaa. Akaona mabega matupu. Pembeni ya kiti, vipande viwili vya mkanda vilikuwa vinaning'inia na kugongana, vilevile vilivyoachwa alipoufungua ili amwonyeshe hendeli.

Mdomo wake ulifunguka. Kulikuwa na kitambo, kifupi sana, ambacho desturi ya miaka ilimshika ulimi. Mtu yuko kazini. Huenda anajua. Huenda ndivyo wafanyavyo.

"Wewe!" alipiga kelele, na ilikuwa sauti ya sokoni sasa, ile iliyokuwa ikisimamisha malori. "Wewe! Mkanda!"

Hakuna mtu anayemwita mkwe wake "wewe". Rubani aliruka kama aliyechomwa sindano. Akatazama chini, akauona, na mkono wake mmoja ukashika vipande viwili ukavipachika. Kifungo kikalia, ta. Akavuta. Lami ilikuwa chini yao tayari.

Magurudumu ya nyuma yaligusa, yakapiga yowe, yakashika. Alizima injini moja, akazima ya pili. Mapanga yakasimama. Kukawa kimya kwa namna ya kutisha, upepo tu na matairi, na ndege inakimbia na pua juu, inakimbia, yeye ameuvuta usukani mpaka kifuani. Shikilia. Shikilia, mama. Hakujua anamwambia ndege au nani. Mwendo ukapungua. Pua ikaanza kuwa nzito. Akaishikilia mpaka usukani ukawa hauna maana tena, na pua ikaenda.

Ilipiga chini kwa kishindo kilichomtupa mbele kwa nguvu zote. Mkanda ulimkamata kifuani na kumrudisha, na kioo alichokuwa anakifuata kwa paji la uso kikabaki upana wa kiganja kutoka puani pake. Chuma kikalia juu ya lami. Cheche zilipita dirishani. Kitu kilikatika chini, kikaruka, kikagonga bawa, na ndege ikajizungusha ubavu, ikateleza, ikaelekea majani, ikasimama imeinama.

"Toka!" alipiga kelele.

"Nimetoka! Toka wewe!"

Alijikokota hadi mlango wa nyuma. Mkono ulimngoja pale, ukamkamata ukosi wa shati, ukamvuta. Walikimbia kwenye majani, mama mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, huku zimamoto wakiimwagia ndege povu nyuma yao. Haikuwaka. Walipofika mbali ya kutosha, rubani akakaa chini palepale alipo. Mama akakaa pembeni yake. Mkono wake ulikuwa bado umeshika ukosi.

Fundi alikuja baadaye na ile fimbo, imepinda kama ndoana. Aliitazama, akamtazama Taratibu, na utani wote aliokuwa ameuandaa tangu mnarani ukamwishia mdomoni. Rubani alimwambia yaliyotokea, yote, bila kumtaja mama. Maofisa walipokuja na kuuliza, akawaambia vilevile: fimbo ilikuwa mkononi mwake, na kuitoa ilikuwa kazi yake. Alijua angesimamishwa kuruka, na alijua ni haki. Lakini mama alisimama, akakung'uta majani kwenye gauni.

"Andikeni na mimi," alisema. "Nilikiona nikanyamaza."

Wodini waliingia bila kubadilisha nguo. Povu lilikuwa limewakaukia kwenye nywele, na mama alikuwa amevaa kandambili alizoazimwa na zimamoto, kubwa kama mashua. Mke aliwatazama mmoja mmoja kutoka kitandani. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yao. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alinyoosha mikono miwili kila mmoja upande wake, akawashika, akalia mpaka muuguzi akaja kumwambia kidonda hakitaki kulia.

Kisha mtoto akaletwa. Alikuwa amefungwa kitambaa cheupe, ameanza kunyonya asubuhi ile, uso umekunjamana kwa hasira za kuamshwa. Muuguzi alimpa baba. Rubani alimpokea kwa viganja vilevile, akamshika kama anavyoshika kitu cha kioo, mikono yote miwili chini ya mgongo. Kichwa kidogo kikalegea nyuma.

Mama alikuwa upande wa pili wa kitanda. Mke akauona mdomo wake ukifunguka, na kwa mazoea ya miaka yote akajiandaa kupokea ujumbe.

"Kichwa," mama alisema. "Umekiacha kichwa. Weka mkono."

"Mama anasema..." mke alianza.

"Nimemsikia," alisema rubani, akaweka mkono.